Banki inayolipa na banki inayokula: tupige hesabu pamoja

Ndugu zangu wa masomo, wale munaotafuta kazi na wale mungali mukikaa kwenye oditwari, leo tuongelee feza. Si namna ya kuipata, maana hiyo mimi pia naitafuta. Tuongelee namna banki inaweza kukulipa kwa sababu feza yako inapita kwake, na namna inaweza kuimaliza polepole bila wewe kusikia. Mimi nilisoma agronomia, hesabu yangu ni ya kilo za mbegu kwa hekta. Lakini banki ilinipiga kwanza, ndipo nikaanza kujifunza.

Mwaka 2021 nilipata kontra ya miezi 6 kwenye mradi mmoja wa mihogo na maharagwe, upande wa Kabare. Walituambia mushahara unapita banki tu, hakuna wa mukononi. Nikafungua konti. Kontra ilipoisha, mwisho wa mwaka, nikaacha ndani dola 64. Hizo nilikuwa nimezipangia kazi: kukodi kashamba kadogo na kununua mbegu ya maharagwe kwa msimu B, ule tunaopanda mwezi wa pili. Nilisema, feza ikibaki nyumbani itaisha kwa mikate na inite za simu. Kule banki iko salama.

Mwaka wa kwanza sikupata shamba. Wa pili nikalipata, nikaenda banki. Ilikuwa imepita miezi 14. Dada wa gishe akaangalia mashine yake, akaniandikia kwenye kikaratasi: dola 1.

Nilifikiri ni wizi. Hapana. Kila mwezi walikata dola 4 za kutunza konti, na nusu dola kwa ujumbe wa simu, ujumbe ambao sikuwa nikiupata maana nilikuwa nimebadilisha namba. Dola 4 na nusu mara 14 ni dola 63. Yote iliandikwa kwenye karatasi niliyotia sahihi bila kusoma. Msimu ule sikupanda kitu. Mwenye shamba akalipatia mutu mwingine.

Miezi kidogo mbele, yaya wangu anayeishi Uingereza akanipigia simu. Alikuwa amesikia habari yangu kwa mama. Akasema: "Nakutumia paundi 150, ununue mbegu ya msimu A."

Nikamwuliza: "Yaya, umezitosha wapi? Si ulisema mwezi huu ni mugumu?"

"Banki ndiyo ilinipatia. Zawadi."

"Banki? Inakupatia feza? Yaya, hiyo si bindo?"

Akacheka sana. Wale wasiojua bindo waulize wazazi wao: ni ule mchezo wa Kinshasa wa mwaka 1991, ambapo watu waliweka feza wakaahidiwa kuzivuna nyingi kwa muda mufupi, na mwishowe wengi wakalia. Mutoto wa Congo akisikia feza inazaa haraka, mwili unasisimka. Basi yaya akakaa kwenye simu karibu saa nzima akinifasiria. Nami leo nawafasiria ninyi, kwa sababu ndani yake kuna kitu kinachotuhusu sisi pia.

Kule kwao, banki zinashindana kutafuta wateja. Tangu mwezi wa 9 mwaka 2013 kuna utaratibu unaomruhusu mutu kuhama banki kwa siku 7 za kazi. Banki mpya inachukua kila kitu: mushahara unaanza kuingia kwake, malipo ya kila mwezi yanatoka kwake, konti ya zamani inafungwa. Ili kukuvuta uhamie kwake, banki inaweza kukuahidi zawadi. Nyingine hazikupi zawadi ya mara moja, zinakupa kitu kidogo kila mwezi.

Lakini zawadi ina masharti, na karibu kila mahali yanafanana. Sharti la kwanza: kila mwezi kiasi fulani kiingie kwenye konti, kwa mfano paundi 500. La pili: konti iwe na angalau makato mawili ya moja kwa moja. Mara nyingine kuna la tatu: uwe na programu ya banki kwenye simu, ama utumie kadi mara kadhaa.

Makato ya moja kwa moja ndiyo nini? Wewe unaipa kampuni ya umeme, ya maji ama ya simu ruhusa ya kuja yenyewe kwenye konti yako na kuchukua deni lake siku inayojulikana. Huendi kupanga mustari. Kiasi kinaweza kubadilika, lakini kampuni inapaswa kukujulisha mbele. Ikikata kwa makosa, banki inakurudishia. Utaratibu huu uliwazwa Uingereza mwaka 1964 na Alastair Hanton, aliyekuwa akifanya kazi Unilever. Alitafuta njia rahisi ya kukusanya malipo kwa wauzaji wa aiskrimu waliotawanyika kila pembe. Nilipolisikia hilo nikawaza mama zetu wanaouza ndizi na makala kando ya barabara, na kijana anayepita jioni na daftari kukusanya franga zao. Shida ni ileile, dawa ni tofauti.

Musichanganye makato hayo na amri ya kudumu. Kwenye makato, kampuni ndiyo inayovuta. Kwenye amri ya kudumu, wewe ndiye unaiambia banki: kila tarehe 5, toa dola 10 hapa, peleka kule. Kiasi hakibadiliki mpaka wewe mwenyewe useme. Shikeni tofauti hiyo, tutairudia.

Sasa yaya alikuwa na tatizo. Anaishi nyumba moja na watu wengine, na bili za umeme na maji ziko kwa jina la mwenye nyumba. Kwa jina lake yeye kulikuwa na simu tu. Kato moja, na banki inataka mawili. Alifanya nini? Akafungua konti ya akiba mahali pengine, moja ya zile zinazovuta akiba kwa njia ya makato ya moja kwa moja. Akaiambia ivute paundi 1 kila mwezi. Banki yake ikaona makato mawili: simu na akiba. Sharti limetimia. Na ile paundi 1 haikupotea, imehama tu kutoka mufuko wake mumoja kuingia mwingine. Si kila akiba inakubaliwa, maana nyingine zinavuta kwa kadi, na malipo ya kadi hayahesabiwi kuwa makato. Yeye aliuliza kwanza.

Na paundi 500 za kila mwezi? Mushahara wake unatosha. Lakini wako wenye konti mbili au tatu ambao wanazungusha feza ileile: inaingia hapa asubuhi, inatoka jioni, inaingia kule. Konti nyingi zinaangalia kama feza imeingia, haziulizi imekaa siku ngapi. Si wizi, kama masharti yaliyoandikwa yanaruhusu.

Mimi nikauliza swali la mukulima: nani anapoteza hapo? Banki haigawi mbegu bure. Yaya akanijibu vizuri. Konti ambamo mushahara unaingia na bili zinatoka ni kama shamba lenye kahawa, haulihami kila mwaka. Mutu akishafunga makato yake yote mahali pamoja, anachoka kuhama. Anakaa miaka 10. Katika hiyo miaka banki inakopesha feza yake kwa wengine, inamuuzia mukopo wa nyumba, inamtoza riba siku akiingia kwenye deni la konti. Zawadi ya leo ni bei ya kukununua wewe na mazoea yako. Anayefaidika ni yule anayejua kwamba ananunuliwa.

Mufano mumoja ni konti ya Santander iliyoitwa 123, iliyoanza mwaka 2012. Iliomba paundi 500 kwa mwezi na makato mawili. Ilikuwa ikikurudishia sehemu ya bili zako, kati ya asilimia 1 na 3, na kukupa riba mpaka asilimia 3 kwa mwaka, kama ulikuwa na feza ya kutosha, na kikomo kilikuwa paundi 20,000. Kuitunza kuligharimu paundi 2 kwa mwezi. Watu wakakimbilia. Mwanzo wa 2016 gharama ikapanda kuwa paundi 5 kwa mwezi. Mwisho wa mwaka uleule riba ikashuka kuwa asilimia 1 na nusu.

Piga hesabu. Mutu mwenye paundi 20,000 aliendelea kupata riba ya paundi 300 kwa mwaka, akatoa 60 za gharama, akabaki na 240. Mwenye paundi 2,000 alipata riba ya paundi 30, akalipa zilezile 60. Kama bili zake hazikumrudishia angalau paundi 30, alikuwa akiilipa banki huku anajiita mujanja. Konti moja, banki moja, mumoja anavuna na mwingine anavunwa.

Mufano wa pili ni akiba ya kila mwezi. Mwisho wa 2022, First Direct ilipandisha riba ya akiba yake ya namna hiyo mpaka asilimia 7, kwa wateja wake wanaoweka mpaka paundi 300 kila mwezi kwa mwaka mumoja. Mutu anasema haraka: 300 mara 12 ni 3,600, asilimia 7 yake ni 252. Hapana. Paundi 300 za mwezi wa kwanza zinakaa miezi 12, lakini zile za mwezi wa mwisho zinakaa mwezi mumoja tu. Ni kama kupanda mistari 12, mustari mumoja kila mwezi, halafu kuvuna yote siku moja: mustari wa mwisho haujatoa hata ua. Ukihesabu vizuri unapata karibu paundi 136 na nusu. Bado ni nzuri. Lakini si ile iliyokuwa kichwani mwako.

Hatari ziko pia. Kato likifika na konti iko tupu, linarudi bila kulipwa, na jambo hilo linaweza kukuharibia jina kwa wakopeshaji. Kufungua konti nyingi kwa muda mufupi pia kunaacha alama kwenye rekodi yako. Na banki inaweza kubadilisha masharti baada ya kukupa taarifa. Ndiyo maana yaya ana daftari. Ameandika kila konti, tarehe ya kila kato, kiasi, na siku ambayo ofa inaisha. Feza yake ya ziada inatoka kwenye lile daftari.

Sasa turudi kwetu. Najua wengi munasema: hiyo ni ya kwao, sisi hapa banki inatupatia nini? Ni kweli. Hapa Congo sijawahi kuona banki ikinipa hata dola 1 kwa sababu mushahara wangu umeingia kwake. Umeme wengi tunaulipa mbele, maji yanalipwa yakikuja, nyumba tunalipa garanti mukononi. Watumishi wa Serikali walianza kulipwa kupitia banki mwaka 2011, na kwa wengi konti ni mulango wa kutolea tu: mushahara unaingia, siku hiyohiyo unatoka wote.

Na wazazi wetu wana sababu ya kuogopa. Mwezi wa 12 mwaka 1979, noti za 5 na za 10 zaire ziliondolewa kwa muda wa siku chache tu, na waliokuwa wamezificha nyumbani wakabaki na karatasi. Mwaka 1993, zaire 3,000,000 za zamani zikawa zaire mpya 1. Ndiyo maana leo hata mwenye shule ya watoto wadogo anahesabu kwa dola. Na mwanzo wa 2025, wakati banki zilipofunga milango Goma, kisha Bukavu, tuliona jambo lingine: dola zako zinaweza kuwa nzima kwenye konti na wewe ukakosa za kununua unga. Anayekuambia weka zote banki hakupendi. Anayekuambia usiweke hata moja naye hakusaidii.

Lakini kitu kimoja cha yaya kinaweza kufanya kazi hapa: feza inayohama yenyewe, siku inayojulikana, kabla mukono wako haujaigusa. Kule banki inakulipa kwa huo utaratibu. Hapa hakuna wa kukulipa, lakini utaratibu wenyewe unakuachia akiba, kama gharama haiili.

Tupige hesabu ya kwetu. Tuseme unapata kazi, unaiagiza banki ipeleke dola 10 kila mwezi kwenye konti ya akiba. Tuseme riba ni asilimia 3 kwa mwaka. Kwa mwaka umeweka dola 120. Riba, kwa ile hesabu ya mistari 12, ni karibu dola 1 na senti 95. Sasa, kama konti hiyo ya akiba inakatwa dola 1 tu kila mwezi, umepoteza dola 12 ili upate karibu 2. Riba ya asilimia 3 imegeuka kuwa hasara ya dola 10. Na kama ile amri ya kudumu nayo ina gharama kila inapotembea, ni mbaya zaidi. Ndiyo maana nasema: kwa mutu mwenye akiba kidogo, usiulize riba kwanza. Uliza makato. Riba ni mvua, makato ni mududu kwenye ghala. Mvua nzuri haisaidii mahindi ambayo tayari yanaliwa.

Mbele ya kutia sahihi, nenda gishe na maswali haya, na uandike majibu:

1. Konti hii inakatwa kiasi gani kila mwezi, hata nisipoigusa? Na ujumbe wa simu, na kadi?

2. Je, konti ya akiba nayo inakatwa, ama ni konti ya kawaida tu?

3. Riba ni kiasi gani, inahesabiwa kwa feza ya chini kiasi gani, na inaingia lini?

4. Amri ya kudumu kutoka konti ya kawaida kwenda akiba, ndani ya banki hii, inalipishwa?

5. Kontra yangu ikiisha na mushahara usipoingia tena, nifanye nini ili konti isiendelee kukatwa? Kuifunga ni bei gani?

Swali la 5 ndilo lingeniokoa dola 63. Hakuna aliyenikataza kuliuliza. Niliona aibu, nikaogopa wataniona sijasoma. Nina lisansi, na niliona aibu kuuliza bei.

Kama majibu si mazuri, kuna njia yetu nyingine, na si ya kudharau: AVEC. Namna hii ya kuweka pamoja ilianzishwa na CARE huko Niger mwaka 1991, na mama zetu wa Kivu wanaijua kuliko sisi. Kikundi kinakutana kila juma, kila mutu ananunua hisa, kuanzia 1 mpaka 5. Feza inakaa kwenye sanduku lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Wanachama wanakopa na kulipa riba, na mwisho wa mzunguko, baada ya miezi 9 mpaka 12, wanagawana kila mutu kwa hisa zake. Riba inarudi kwa wanachama wenyewe. Na lile sharti la yaya la makato mawili kwa mwezi, hapa ni macho ya wenzako: usipokuja siku ya Jumamosi, unalipa faini, na mama mwenyekiti anakuuliza mbele ya watu. Hatari iko pia, sanduku linaweza kuibiwa na mukopaji anaweza kukimbia. Kwa hiyo usiweke vyote humo.

Mimi nilifanya hivi. Feza ya yaya ya mwaka 2023 nilipanda nayo maharagwe msimu A. Mvua ilisumbua mwezi wa 11, lakini nilivuna. Kabla ya kuuza hata kilo moja, nilitoa mbegu ya msimu unaofuata, nikaifunga kwenye mufuko wake, nikaipeleka kwa mama. Hiyo kila mukulima wa Kabare anaijua: mbegu inatolewa siku ya mavuno, haingoji kinachobaki, maana hakuna kinachobaki. Nilikuwa nimesoma hilo miaka mingi kwenye oditwari, na sikuwahi kulifanya na mushahara wangu.

Leo nikilipwa, siku ileile kuna sehemu tatu zinazotoka. Moja inaenda AVEC. Moja inaenda konti ya akiba, katika banki ambayo ilijibu lile swali la 2 kwa neno "haikatwi", na nililitaka kwenye karatasi. Moja ndogo inabaki karibu, ya kununua unga siku milango itakapofungwa. Ni kidogo, kuna miezi haizidi dola 15 zote pamoja. Na ile konti ya zamani nilirudi kuifunga. Walinidai dola 5 za kuifunga. Nikawapa ile dola 1 iliyobaki, nikaongeza 4 kutoka mufukoni, nikaomba kikaratasi chenye muhuri. Nimekibandika kwenye jalada la daftari langu, ambalo nilianza siku ileile kwa kufuata la yaya.